Mguu wa Kushoto: Kisa cha Mzazi wa Siku 14 Kutoka Mufindi

Ilikuwa Julai, alfajiri, ile baridi ya Iringa inayomfanya mlinzi wa getini ajifunike blanketi hadi puani. Gari dogo lilisimama mbele ya mapokezi, akashushwa mama wa miaka 33 aliyejifungua kwa upasuaji siku 14 nyuma. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama mkwe. Mgonjwa hakuweza kumaliza sentensi bila kukatwa na pumzi. "Kifua kinachoma," alisema, akapumzika, kisha akaongeza, "nikivuta hewa." Kifaa cha kidoleni kilisoma oksijeni asilimia 86. Moyo ulipiga mara 128 kwa dakika, pumzi zilikuwa 34 kwa dakika, presha 104 kwa 68, joto 37.8.

Nilisikiliza kifua. Chini ya pafu la kulia hewa ilikuwa ikiingia kwa shida, na palikuwa na mkwaruzo kama wa ngozi kavu inayosuguliwa. Nikaandika nimonia. Miezi ya baridi nimonia ndiyo inayojaza vitanda vyetu, na jicho la daktari huwahi kuona lile lililozoea. Niliagiza oksijeni, sindano ya antibiotiki ya seftriaksoni, kipimo cha malaria, wingi wa damu na picha ya kifua, nikaenda kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa akingoja.

Saa moja na nusu baadaye sista wa zamu alinifuata. Alikuwa akimbadilishia yule mama kitenge. "Dokta, naomba uje uone mguu wa huyu mzazi," alisema. Hakuongeza neno.

Mimi nilikuwa nimemfunua kifua tu. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa amefunikwa blanketi mbili, nami nikaziacha zilivyo. Sista alipozikunja, mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kwenye kinena hadi kwenye kifundo. Ngozi ilikuwa imevutika mpaka inang'aa, ikielekea rangi ya zambarau. Ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi, shimo linabaki, linajaa polepole. Mguu wa kulia ulikuwa mguu wa kawaida wa mwanamke mwembamba anayetembea milimani. Sista alikuwa na utepe wa fundi cherehani, ule tunaopimia vichwa vya watoto wachanga. Tukapima sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Kulia, sentimita 36. Kushoto, 41. Katika jedwali la alama za kukisia damu iliyoganda mguuni ambalo Philip Wells wa Kanada aliwatungia madaktari, tofauti ikizidi sentimita 3 inahesabiwa. Hii ilikuwa 5.

Picha ya kifua nayo ikarudi karibu safi. Mtu anayepumua mara 34 kwa dakika, pafu lake kwenye picha halina kitu cha kulingana na shida hiyo. Malaria hakuna, VVU hakuna, wingi wa damu 10.2. Moyo haukuwa umetanuka, jambo lililoniondolea wasiwasi wa ule ugonjwa wa misuli ya moyo kulegea baada ya kujifungua. Na ugonjwa huo kwa kawaida huvimbisha miguu yote miwili. Nikakata neno nimonia kwa mstari mmoja, nikaandika upya: damu imeganda kwenye vena kubwa za mguu wa kushoto, na kipande kimesafiri hadi kwenye pafu.

(Mama huyu na mumewe wameridhia kisa chao kiandikwe. Majina na kijiji nimeviacha, na vituo alivyopitia sitavitaja.)

Sentensi ile niliyoiandika kwa sekunde tano ilimgharimu mtu mmoja miaka ya kubishana na wakubwa wake. Mtu huyo ni Rudolf Virchow, aliyezaliwa mwaka 1821 huko Pomerania, akawa daktari wa kupasua maiti katika hospitali ya Charité, Berlin, akiwa bado kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu. Wakati huo madaktari walishaona mara nyingi damu iliyoganda ndani ya ateri ya pafu la marehemu. Waliamini imegandia papo hapo, kwa sababu ukuta wa mshipa umepata uvimbe. Paris, Jean Cruveilhier alikuwa akifundisha kwamba uvimbe wa vena ndio unaotawala magonjwa yote. Virchow alitazama mabonge yenyewe. Aliona kwamba lile la kwenye pafu halikufanana na kitu kilichozaliwa pale. Lilifanana na lile la kwenye vena ya mguu. Katika andiko lake la mwaka 1846 kuhusu kuziba kwa ateri ya pafu alisema kwamba bonge hutoka kwingine. Kisha akalithibitisha kwa mbwa: aliingiza vipande vya mpira, vya nyama na vya damu iliyoganda kwenye vena ya shingo, na baadaye akavikuta kwenye ateri za mapafu. Neno tromba la damu iliyoganda mahali pake, na neno emboli la kipande kilichong'oka kikasafiri, madaktari wa dunia nzima wameyapata kwake. Mwaka 1856 maandiko yake kuhusu mambo hayo yalitoka pamoja katika kitabu kimoja kikubwa.

Mzunguko wenyewe ulishajulikana. William Harvey aliueleza mwaka 1628: damu ya mwilini hurudi moyoni kwa vena, inaingia upande wa kulia wa moyo, inasukumwa kwenye mapafu, ndipo irudi upande wa kushoto na kuanza safari nyingine. Ukikubali ramani ya Harvey, hoja ya Virchow inakuwa wazi kama mchana. Nikiwaeleza ndugu wa mgonjwa hapa kwetu natumia Ruaha Mdogo. Gogo likiangukia mtoni huko Mufindi, haliwezi kukwama mtoni mle kirahisi, maana kila kijito kinachoingia kinaupanua mto. Lakini ukiyafungulia maji hayohayo yaingie kwenye mifereji ya vinyungu, zile bustani za mabondeni, gogo litakwama kwenye mdomo wa mfereji wa kwanza ulio mwembamba kuliko lenyewe, na kinyungu cha mbele kitakauka. Vena ni mto unaopanuka kuelekea moyoni. Pafu ndilo lenye mifereji. Ndiyo maana bonge linalozaliwa mguuni linakuja kuua kifuani.

Na pale lilipokwama, sehemu ya pafu iliyokosa damu ilikuwa inakufa na kuunguza ngozi inayolifunika. Ule mkwaruzo niliousikia ndio huo.

Hatukungoja picha ya mishipa ndipo tuanze dawa. Siti skani ya kuonyesha mishipa ya pafu haikuwepo kwetu, na kumpakia kwenye gari la wagonjwa saa nyingi kwenda kuitafuta, akiwa na oksijeni ya kubahatisha, kungekuwa kumweka njiani mtu ambaye bonge lake la pili linaweza kung'oka wakati wowote. Tulikagua kidonda cha upasuaji na pedi, tukaona hakuna damu mbichi, tukampa enoksaparini, aina ya heparini inayozuia damu kuganda, miligramu 60 chini ya ngozi kwa uzito wake wa kilo 62, kila baada ya saa 12. Presha ilikuwa imesimama, kwa hiyo hatukugusa zile dawa kali za kuyeyusha bonge, ambazo kwa mtu aliyepasuliwa wiki mbili zilizopita zinaweza kufungua kidonda chote.

Saa nne asubuhi mtaalamu wa ultrasaundi alifika. Kipimo hiki kwa mguu ni chepesi kukieleza, na ningependa kila tabibu akione walau mara moja. Kwenye kioo, ateri na vena huonekana kama duara mbili nyeusi zilizokaa jirani. Ukikandamiza kwa kile kichwa cha mashine, vena nzima hufumba kama jicho, ateri inabaki wazi ikidunda. Mguu wa kulia tulikandamiza, vena ikafumba. Tukahamia kushoto, kwenye kinena. Tukakandamiza. Duara lilibaki vilevile, ndani yake kuna wingu la kijivu. Tukashuka kidogo, tukakandamiza tena, halikufumba. Hivyo hivyo hadi nyuma ya goti. Mama alikuwa anatazama kioo pamoja nasi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo yote ni damu?" Nikamjibu ndiyo, imeganda.

Ndipo nilipokwenda kukaa na mama mkwe kwenye benchi la nje, palipokuwa na jua. Nilimwamkia, akaitika marahaba mwanangu, tukaulizana habari za nyumbani na za mashamba. Nilitaka anisimulie siku 14 zile moja baada ya nyingine. Alizisimulia bila kuficha, tena kwa fahari, kwa sababu alikuwa amefanya yote anayotakiwa kufanya mama mkwe mwema.

Uchungu ulichukua usiku mzima na nusu ya siku, mtoto hakushuka, wakapasua. Damu ilipotea kiasi. Baada ya hapo mzazi alilala siku mbili chali na mpira wa mkojo na dripu. Siku ya 4 waliruhusiwa. Walisafiri kama saa tatu kwenye gari lililojaa, yeye akiwa katikati, magoti yamekunjwa, mtoto mapajani. Nyumbani alitandikiwa karibu na jiko. "Hakushika hata ufagio," bibi alisema. "Uji namletea, maji namletea, beseni namletea palepale alipo. Hii baridi, dokta, ukimwacha mzazi atoke nje anaingiwa na upepo." Siku ya 8 mzazi alianza kulalamika pajani na nyuma ya goti. Siku ya 10 mguu ukavimba. Bibi akachemsha maji, akawa anaukanda asubuhi na jioni kwa kitambaa, akiuminya kwa nguvu kutoka juu kwenda chini ili uvimbe ushuke. Siku ya 11 walikwenda zahanati, wakapewa vidonge vya maambukizi ya ngozi na diklofenaki ya kutuliza maumivu. Usiku wa kuamkia siku ya 14 aliamka kwenda chooni, akadondoka mlangoni.

Nilipokuwa namsikiliza nilikuwa naandika kwenye karatasi safu tatu. Madaktari huita mambo hayo matatu kwa jina la Virchow. Yeye mwenyewe hakuyapanga namna hiyo. Ni waandishi wa karne iliyofuata waliokusanya aliyoyasema huku na kule wakayafunga fungu moja na kulipa jina lake. Ila ni yake kweli. Damu huganda mahali pasipostahili inapotuama, ukuta wa mshipa unapoumia, au damu yenyewe inapokuwa nyepesi kuganda. Mara nyingi mgonjwa huwa na moja, au mbili. Safu zangu zote tatu zilijaa.

Safu ya tatu ndiyo iliyoanza mapema kuliko zote, na haikuwa kosa la mtu yeyote. Mwili wa mjamzito hujiandaa kwa siku ya kondo la nyuma kubanduka. Fibrinojeni, ile protini inayogeuka kuwa nyuzi za bonge, hupanda hadi kukaribia mara mbili ya kawaida mimba inapokomaa. Viini vingine vya kugandisha hupanda nayo, na protini S, mojawapo ya breki za kugandisha, hushuka. Bila maandalizi hayo wanawake wengi zaidi wangekufa kwa kutokwa damu, na kutokwa damu tayari ni katika vinavyotangulia kuua wazazi nchini. Kwa hiyo ninapowaeleza wauguzi wanafunzi, siwaambii kwamba damu ya mjamzito ni mbovu. Nawaambia ni damu iliyo tayari vitani, na vita haviishi mtoto akizaliwa. Utayari huo unakaa wiki 6 na zaidi. Wiki hizo sita ndizo hatari kuliko miezi yote ya mimba, na arobaini yetu inakaa humohumo ndani yake.

Safu ya pili: kisu, na masaa mengi ya kichwa cha mtoto kubana mishipa ya nyonga.

Safu ya kwanza ndiyo iliyonichukua muda kwenye benchi lile. Damu ya mguu haina moyo wake wa kuipandisha. Inapandishwa na misuli ya nyuma ya muundi, inayokamua vena kila mtu anapopiga hatua, na vilango vya ndani vinazuia isirudi chini. Ukilala, pampu imezimwa. Mama huyu pampu yake ilizimwa siku mbili wodini, ikakunjwa saa tatu garini, kisha ikazimwa tena siku nyingine kumi, kwa upendo.

Na kwa nini kushoto? Swali hili Virchow pia aliliona: aliandika mwaka 1851 kwamba vena za mguu wa kushoto ndizo zinazoganda zaidi, akaitaja ateri inayozipitia juu. Ateri ya nyonga ya kulia, ikitoka kwenye mshipa mkuu, hukatiza juu ya vena ya nyonga ya kushoto na kuigandamiza kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1957 madaktari May na Thurner walichunguza maiti 430, wakakuta katika asilimia 22 vena hiyo imefanya sugu ndani kwa kugandamizwa na kudundwa miaka yote. Ongeza uzito wa mji wa mimba, utaelewa kwa nini mjamzito au mzazi mwenye damu iliyoganda mguuni, mara nyingi sana ni mguu wa kushoto. Kwenye kitabu hili ni jambo dogo. Kitandani ni kubwa: mguu mmoja, wa kushoto, kwa mzazi, ni damu iliyoganda hadi kipimo kiseme vinginevyo. Laiti ningeufunua mapema.

Bibi aliniuliza kama kumkanda ndiko kulikomponza. Nilitafakari kabla ya kumjibu. Mguu ulioganda haupaswi kukandwa wala kuminywa, na hilo nilimwambia wazi, maana nyumbani kuna mabinti wengine watazaa. Lakini bonge hung'oka pia lenyewe, mtu akiwa amelala, au akijikamua chooni. Sikumtwisha lawama. Aliinamisha kichwa, akafunga vizuri kanga ya mtoto, akasema, "Tulimkanda vile tulivyokandwa sisi."

Wanaostahili kuulizwa kwanza ni sisi tuliovaa makoti meupe. Aliruhusiwa hospitali na karatasi yenye tarehe ya kutoa nyuzi. Hakuna aliyemwambia neno juu ya miguu. Zahanati ilimpa diklofenaki mtu aliyepasuliwa, mguu mmoja umevimba wote, bila homa, bila kidonda. Uingereza mzazi aliyepasuliwa akiwa kwenye uchungu anashauriwa sindano ya heparini ya kinga kwa siku zisizopungua 10. Maumivu ya mama huyu yalianza siku ya 8. Najua bei ya sindano hizo na najua bajeti zetu, kwa hiyo sisemi apewe kila mzazi kesho asubuhi. Nasema wanaojulikana kuwa na hatari kubwa wapewe, na waliobaki wainuliwe kitandani ndani ya saa 24, mpira wa mkojo utolewe mapema, watembezwe hadi dirishani na kurudi, waambiwe wanywe maji, na waambiwe pamoja na bibi aliyekuja kuwachukua, kwa sababu nyumbani yeye ndiye daktari wa zamu. Kutembea hakulingani na sindano. Lakini hakununuliwi.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Oksijeni ilipanda hadi 93 kwa mashine, ikishuka kila akijigeuza. Siku ya tatu akala ugali. Watu hudhani heparini inayeyusha bonge, haiyeyushi. Inalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalibomoa taratibu. Hilo linatosha, na tunajua linatosha kwa sababu ya jaribio moja dogo la Bristol, Uingereza, la Barritt na Jordan, lililochapishwa mwaka 1960. Kati ya wagonjwa 19 wenye bonge kwenye pafu ambao hawakupewa dawa ya kuzuia kuganda, 5 walikufa kwa bonge hilo. Kati ya 16 waliopewa, hakuna. Wakaona si haki kuendelea kuwanyima wengine, wakasimamisha ulinganisho. Nikiwa na mgonjwa ambaye sina mashine ya kumthibitishia, huwa nazikumbuka hizo hesabu za watu 35.

Wafarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, tulimwanzishia pamoja na sindano, kwa kuwa huchukua takriban siku 5 kufanya kazi, na tukaacha sindano siku ya 8, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kilipokuwa kimefika 2.3 na kukaa. Alikuwa ananyonyesha, dawa zote mbili haziwadhuru wanaonyonya.

Siku ya tano mumewe alikuja ofisini, kofia mkononi. Alikuwa ameuza magunia matano ya mahindi kulipia sindano. Alikaa, akanyamaza, kisha akasema, "Dokta, unisamehe kwa swali hili. Kuna mtu kaniambia vidonge mlivyompa mke wangu ni sumu ya panya. Ni kweli?"

Nilimjibu ni kweli, ilianza hivyo, na nikamwomba anipe dakika kumi. Yeye ana ng'ombe wawili wa maziwa, kwa hiyo nilianzia kwa ng'ombe. Miaka ya 1920 huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikuwa wakitokwa damu hadi kufa baada ya kukatwa pembe au hata kwa mchubuko. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu ya mmea mmoja jamii ya kunde, yaliyoota ukungu. Mwaka 1933, wakati wa theluji, mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mkemia Karl Paul Link ndama wake aliyekufa, majani hayo, na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda. Link na wenzake walihangaika miaka kadhaa hadi wakakipata kiini chenyewe. Kutokana nacho wakatengeneza wafarini, iliyouzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, kwa dozi ndogo inayopimwa. Inazuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza viini vya kugandisha. Panya anakula bila kipimo, anakufa. Mke wako anakula kidonge kimoja na tunampima damu.

Alifikiri. "Kwa hiyo yale majani yaliyowaua wale ng'ombe ndiyo yanayomponya huyu."

"Ndiyo. Na ndiyo sababu usiruhusu akose kipimo hata wiki moja."

Hakukosa, ila dawa nyingine ikaingilia. Wiki ya sita alishikwa na tumbo, duka la dawa muhimu la kijijini likampa metronidazo. Baada ya siku nne aliona michubuko mikononi asiyokumbuka kuipata, na mate ya asubuhi yakawa mekundu alipopiga mswaki. INR ilikuwa 6.4, lengo letu ni kati ya 2 na 3. Tulisimamisha dozi mbili, tukampa vitamini K kidogo kwa mdomo, ikashuka. Metronidazo, Septrin na flukonazo humwongezea mtu nguvu ya wafarini. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza. Mboga tulimwambia asiache: mnavu, chainizi, majani ya maboga ale, ila kiasi kisipande leo na kushuka kesho. Kosa letu ni kwamba tulimweleza habari za mboga kwa kirefu na habari za vidonge vya dukani kwa kifupi. Sasa tunaandika orodha ya dawa hizo nyuma ya kadi, na mgonjwa anaionyesha dukani kabla ya kutoa hela.

Kila kipimo kilikuwa ni bodaboda hadi barabara kuu, kisha basi hadi Mafinga, kisha foleni, kisha kurudi, mtoto mgongoni. Virchow huyuhuyu alitumwa mwaka 1848 kuchunguza homa ya tifasi huko Silesia ya Juu, na ripoti aliyoiandika iliiambia serikali habari za elimu, mishahara, barabara na umaskini kuliko ilivyoiambia habari za dawa. Wapo wanaosema hayo ni mambo mawili tofauti, bonge la damu upande mmoja na barabara upande mwingine. Mimi niliyemwona mama huyu akishuka basi saa tano za asubuhi, amesimama njia nzima kwa kukosa kiti, mguu ule ukiwa umefungwa bandeji, siwezi kuvitenganisha.

Dawa zilisimama baada ya miezi mitatu kamili. Siku hiyo oksijeni yake ilikuwa 96 bila mashine, na alipanda ngazi za jengo letu bila kusimama. Tulichukua utepe uleule. Kulia 36, kushoto 37 na nusu. Jioni mguu bado huwa mzito na huvimba kidogo juu ya kifundo. Baadhi ya vilango vya vena vimeharibika na huenda havitarudi. Tulimpa soksi ya kubana, tukamwambia ainue mguu akikaa, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni asivitumie maisha yake yote, alichagua kipandikizi.

Alitaka kujua kama anaweza kuzaa tena. Nilimwambia anaweza, lakini si kimyakimya. Nikachukua kadi yake ya kliniki, nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada, kwa herufi kubwa ambazo hata mhudumu mwenye haraka ataziona: ALIGANDA DAMU MGUU WA KUSHOTO NA PAFU BAADA YA KUJIFUNGUA. MIMBA IKIGUNDULIKA AANZE SINDANO, NA AENDELEE WIKI 6 BAADA YA KUZAA. Mama mkwe aliichukua kadi mkononi mwangu, akaomba asomewe, kisha akaomba asomewe tena.